Mashua Zote Zinaugua Kushoto

Cabbage Creek, Andros
6 Februari 1994

Lavardo, mjukuu wangu,

Mimi bibi yako Ismae bado napumua, ni magoti tu yaliyogoma. Barua hii anaiandika Prescola wa posta, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na beseni la kome kichwani. Ukikuta maneno ya adabu humu ujue ni yake. Ukikuta matusi ni yangu. Anasema hataandika matusi. Andika, wewe! Haya, ameandika.

Umesema utarudi nyumbani ukipata mashua ya kwako. Vizuri. Tangu tumzike babu yako Hezron, ile yake ya mbao imekuwa nyumba ya kaa. Wageni wake waliokuwa wakija kuvua samaki mfupa, yule mwoga wa maji mafupi ya mafunguni, kwa chambo cha manyoya sasa wanapita hapa mbele ya mlango wangu kwenye mashua za watu wengine, wananipungia mkono. Siwapungii.

Sasa nisikilize kabla rangi haijakudanganya. Mashua ya kwenda mafunguni huchaguliwa kwa sikio. Siku yenye upepo mdogo lala kifudifudi kule mbele, usikilize maji chini ya ubavu. Yakipiga makofi, pa, pa, pa, shuka uende zako hata kama wanakupa bure. Samaki yule anasikia kuliko Prescola, na Prescola husikia barua zikiwa bado zimefungwa. Halafu ielee pale maji yanapofika kifundo cha mguu. Usikubali maneno ya muuzaji, vua viatu uingie mwenyewe. Halafu mtafute mnene mmoja hapo kazini kwenu, asimame mbele pale anaposimama mgeni, na wewe panda jukwaa la nyuma na pondo lako la kusukumia. Mnene akipiga chafya nawe ukayumba, hiyo si mashua, ni bembea. Na juu iwe laini kama sahani. Kamba ya ndoano ya mgeni hunasa hata kwenye ukucha, na ikishanasa samaki amekwenda, na lawama zote ni za mpiga pondo.

Mimi usinionee huruma. Nyumba imejaa watu, hata pa kuweka kikombe hapana. Chagua bila pupa, ila usizeekee huko.

Bibi yako,
Ismae Bannister


Florida Kusini
27 Februari 1994

Bibi yangu mkali,

Nimeicheka barua yako mpaka wenzangu wa karakana wakaniuliza nimeachiwa urithi gani. Mwambie Dada Prescola matusi yamefika salama.

Nadhani nimeipata. Ilikuja hapa kwetu kutengenezwa, ubavu umepasuka kidogo, na mwenyewe amechoka nayo. Ni ndefu kiasi cha watu watatu kulala wakifuatana, nyembamba mbele, bapa nyuma. Jumapili niliiazima siku nzima. Nililala kifudifudi kama ulivyosema. Kimya, Bibi. Maji yalipita chini kama mtu anayevua viatu asimwamshe mtoto. Mnene niliyempata ni Ordway, mpaka rangi wetu, ana tumbo la meli ya mizigo. Nikamwambia ruka. Akaruka! Nikabaki juu ya jukwaa nimesimama kama mnazi.

Na niliona. Jua lilikuwa mgongoni. Kwanza mkia mmoja ulitokeza mbali kulia, mwembamba kama sindano. Halafu kundi zima likaja kushoto, vivuli tu vikitembea juu ya mchanga, samaki wenyewe huwaoni. Ordway akawa anauliza, "Wapi? Wapi?" mpaka walipomsikia wakakimbia. Nikajiona mimi ni Babu Hezron kabisa.

Mwenye mashua amekubali niutengeneze ule ubavu mwenyewe, kisha aniachie. Msimu wa kaa utanikuta nyumbani. Nichemshie wa kwanza.

Mjukuu wako,
Lavardo


Cabbage Creek
20 Machi 1994

Mume wangu mdogo,

Barua yako nimesomewa mara mbili, na mara ya pili nilimwambia Prescola asiigize sauti ya mnene, anaharibu.

Kitanda chako nimekitandika. Godoro nimelipiga jua, nikalipiga na fimbo pia, limetoa vumbi la enzi za babu yako. Jana nilipika wali wa mbaazi wa sufuria kubwa, mkono umezoea kipimo cha zamani. Niliula jana, nimeula leo, na kesho nitaula, nao utakuwa mtamu zaidi.

Ukiutengeneza huo ubavu usiulipue. Mashua kama mwanamke, haisahau ilipopigwa. Prescola anasema hilo si la kuandika kwenye barua. Prescola hajawahi kuolewa.

Nikiuona moshi wa meli ya barua natoka nje, nikijua fika kuwa bado.

Ismae


Cabbage Creek
15 Mei 1994

Lavardo,

Meli tatu zimekuja bila neno lako. Wino umekwisha Florida? Kama una mwanamke sema, nijue kama anakula kaa.

Bibi yako


Florida Kusini
12 Juni 1994

Bibi,

Nisamehe kwa kimya. Kazi zilizidi.

Ile mashua niliiacha. Nilipoirudia niligundua inalala kushoto. Unaisukuma kwa pondo moja kwa moja, yenyewe inakuvutia upande ule. Nimeona nyingine kwa jamaa mmoja, hiyo jukwaa lake ni fupi. Natafuta yenye jukwaa refu, mtu akisimama aone vizuri. Nitaendelea kutafuta.

Kaa kuleni, msinisubiri. Wasalimie wote waliojaa hapo nyumbani.

Lavardo


Cabbage Creek
3 Julai 1994

Lavardo,

Kaa wamekuja na wamekwisha. Walishuka kutoka porini kwenda baharini wakikatiza barabara kama waumini wanaochelewa ibada. Nilikamata wengi nikawaweka kwenye kibanda, nikawalisha maganda ya nazi wakingoja mtu. Wiki iliyopita nikawafungulia. Kaa akisubiri sana hukonda.

Hiyo habari ya jukwaa refu ni nini? Unataka kuvua samaki au kuhubiri? Babu yako alisimama juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, akawaona. Ukiwa juu sana kivuli chako kinakutangulia, samaki anakiona, anakwenda kuwasimulia wenzake. Jukwaa lifike kiunoni pako, basi. Na mashua inayolala kushoto hamisha betri uiweke kulia. Hilo nalo nikufundishe mimi? Wewe ulilijua kabla hujaota ndevu.

Barua yako ilikuwa fupi. Prescola alipomaliza nilimwambia geuza upande wa pili. Akasema hakuna upande wa pili.

Bibi yako


Florida Kusini
31 Julai 1994

Bibi,

Leo ngoja nikuchekeshe. Nimejaribu ya tatu, na jukwaa ni kama ulivyotaka. Nilimchukua Ordway tena, kashika fimbo ya kuvulia, kasimama mbele. Nikamwambia, "Samaki huyo! Mkubwa! Tupa!" Akatupa vizuri kabisa, chambo kikaanguka puani pake. Hakutikisika. Akatupa tena, hakutikisika. Tukasogea. Bibi, alikuwa mzia, yule mwembamba mwenye meno, amejinyoosha kama kijiti, anatutazama kwa dharau! Ordway alicheka mpaka akakaa chini. Na tukiwa tunacheka, kundi la samaki mfupa likapita kushoto karibu kabisa, yeye ndiye aliyeliona.

Mashua hiyo pia sitaichukua. Ule ukingo wake mweupe wa kushoto unarudisha mwanga wa jua, unamziba mtu macho. Kuna nyingine, ila mwenyewe ameweka kiti cha usukani kushoto, kinanikinga.

Labda mwakani.

Lavardo


Cabbage Creek
21 Agosti

Lavardo

Hii naandika mimi kwa mkono wangu. Herufi nimezinakili kitabu cha nyimbo. Prescola hajui, baharia ataibeba.

Mzia hulala. Samaki mfupa hatulii hata akiwa amekufa. Mjukuu wa Hezron hawezi kuwachanganya.

Ya kwanza inalala kushoto. Ya tatu inang'aa kushoto. Ya nne kiti kiko kushoto. Mashua zote za Florida haziwezi kuugua upande mmoja.

Una nini jicho la kushoto

Ismae


Cabbage Creek
18 Septemba 1994

Lavardo,

Leo ninaye Prescola, kwa hiyo ni salamu tu. Mvua zimeanza. Paa la jikoni linavuja nimeweka ndoo, usiku wa mvua linaongea nami. Ndugu Alphonso wa ng'ambo ya kijito amefuata watoto wake Nassau, ameniachia mbuzi. Mbuzi hapendi sauti yangu.

Ile barua yangu ya herufi mbaya kama haikufika, sawa. Kama ilifika, nayo sawa. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Babu yako alipenda kuisema hiyo wakati wa kukomba maji.

Prescola ananiuliza ni barua gani hiyo. Nimemwambia aandike yanayomhusu.

Bibi


Florida Kusini
9 Oktoba 1994

Bibi,

Ilifika. Nimetembea nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Ilikuwa Aprili. Nilikuwa nautengeneza ubavu wa ile mashua ya kwanza, yangu. Nachanganya dawa ya kugandisha faibaglasi. Joto lilikuwa kali, miwani ya kinga nimeipandisha kwenye paji la uso. Chupa ikateleza. Tone moja tu. Waliniosha jicho, wakaniosha, hospitali wakaniosha tena. Sasa kwa jicho hilo ni kama natazama ndani ya maziwa. Mchana naujua, usiku naujua, basi.

Zile mashua zilikuwa nzima, Bibi. Zote. Kila nilipopanda juu ya jukwaa, nusu ya bahari haikuwepo. Sikuthubutu kuiambia nafsi yangu, nikawa nawaambia wauzaji.

Wewe unajua kazi ile. Mgeni hamlipi mtu kwa kusukuma, anamlipa kwa kuona. Mpiga pondo asiyeona ni punda wa majini. Unataka niende nikasimame nyuma ya mgeni, pale kijijini ambapo kila mtu alimjua babu, niwe nawaonyesha wazia? Hapa karakana wamenipa kazi ya kufagia na kupokea mizigo. Sio mbaya. Natoka jioni, nanunua mkate, nakula nimesimama dirishani. Ordway alikuwa anakuja, siku hizi simfungulii.

Usinisubiri tena. Nyumba yako imejaa watu, mpe mmoja wao kitanda changu.

Lavardo


Cabbage Creek
30 Oktoba 1994

Lavardo mwanangu,

Nimemwambia Prescola, maana haya ni marefu na vidole vyangu haviwezi. Ameanza kulia. Nimemwambia andika kwanza, utalia ukifunga bahasha.

Jicho limekwenda. Nimelililia siku nzima, mbuzi ni shahidi. Limekwisha hilo, sitalirudia.

Sasa la kwako la kitanda. Nyumba imejaa viti. Watu hakuna. Dada yako yuko Freeport, Alphonso ameondoka, majirani kina Neymour walihama kabla ya Pasaka. Naamka, nasema habari za asubuhi, na mimi mwenyewe najibu nzuri. Nilikuambia imejaa ili usirudi kwa kunihurumia. Nilitaka urudi kwa kuipenda bahari. Tumedanganyana vya kutosha, tuache.

Nisikilize. Babu yako miaka yake ya mwisho aliona ukungu. Jua lilimla macho yote mawili, si moja kama wewe mwenye bahati. Uso wa mtu mezani alikuwa anaukisia. Samaki angewaona wapi? Na miaka hiyo ndiyo wageni walimsifu zaidi, mmoja alimpigia picha ikatoka gazetini. Wewe hukujiuliza kwa nini nilianza kwenda naye mafunguni? Watu wote walidhani nimechukuliwa kwa ajili ya chakula. Nilikaa katikati na kikapu cha kome wa kukaanga na mkate mapajani, na kofia pana, na uso wa mjinga. Samaki akitokea kushoto nakohoa mara moja. Akitokea kulia nakohoa mara mbili. Wakiwa kundi, najipiga kifua. Babu yako naye anasema kwa ile sauti yake nzito, "Kushoto bwana, taratibu," kama Musa akigawa maji. Mgeni mmoja aliniletea dawa ya kifua kutoka kwao kila mwaka. Niliinywa yote, angejisikia vibaya.

Prescola amefungua mdomo. Ufunge, nzi ataingia. Hakuna aliyejua, na Hezron alikufa akiwa bingwa, na alikuwa bingwa kweli. Mimi nilijua walipo. Yeye alijua namna ya kumfikisha mgeni bila maji kuguna, na wapi watakwenda maji yakipwa, na mgeni gani apewe moyo na yupi aambiwe anyamaze. Kuona ni kipande tu cha kazi, ukakifanya kazi nzima.

Cha karibu sikioni, hata sindano siku hizi Prescola ndiye ananitungia uzi. Lakini mbali! Asubuhi nikiwa mlangoni nimemwona samaki taa akijifukia mchangani ng'ambo ya kijito, nikajua na mkia wake umelalia wapi.

Kwa hiyo sahau mashua ya watu wawili. Tafuta yenye benchi katikati, pana, maana makalio yangu hayakupungua kwa msiba. Iwe na cha kushika nikinyanyuka. Ukingo uwe wa chini, siruki mimi. Na hatutakohoa. Nimekohoa vya kutosha. Mgeni ataambiwa kabisa, huyu ni bibi, ndiye anayeona, huyu ni mjukuu, ndiye anayesukuma, asiyetaka apande na wengine.

Kama huji, niambie huji. Nitaishi. Ila usiniambie kuhusu mashua.

Ismae


Florida Kusini
27 Novemba 1994

Bibi,

Jumamosi nilimfungulia Ordway mlango. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Chukua viatu vyako," tukaenda kutafuta mashua.

Tumezunguka yadi nyingi. Wauzaji waliniuliza nataka ya kasi gani, nikasema nataka yenye benchi la bibi mwenye maneno. Mmoja alicheka, tukatoka. Iliyonifaa ilikuwa imelazwa chali nyuma ya ghala, kuku wamelala juu yake. Ni mbaya, Bibi. Rangi yake ni ya maharage yaliyolala, na mtu aliwahi kuipaka kwa mkono, tena amelewa. Lakini benchi la katikati ni lake tangu kuundwa, pana kama la kanisani. Nimefunga vishikio pande zote mbili. Ordway amekaa hapo akijifanya wewe, akinitukana, nikamwambia matusi yake hayana chumvi.

Tuliishusha majini. Nikalala kifudifudi mbele nikafumba na hili jicho zima. Nilikaa hivyo muda mrefu. Sikusikia makofi. Nilisikia Ordway akipumua, na pondo likiingia mchangani, na kitu kingine kidogo sana, kama kalamu inaandika. Nikamwuliza, "Kuna nini kushoto?" Akasema, "Samaki, wengi." Nilifurahi kuuliza. Sikujua kama mtu anaweza kufurahi kwa kuuliza.

Naogopa bado. Ngazi huwa naikosa, maji nayamwaga pembeni ya glasi. Yapo mengi sitayaweza na utanikasirikia. Nikasirikie nikiwa hapo.

Mashua itatoka Nassau juu ya sitaha ya meli ya barua, Jumanne ya kwanza baada ya Krismasi, nami nitakuwa nimekaa ndani yake kama mzigo. Najua utakuja gatini hata nikikukataza, na najua utawaza kusimama upande wangu wa kulia ili usinisumbue.

Usisimame kulia. Simama kushoto, Bibi. Nitageuza kichwa.

Lavardo